PS2 zama hizi za gemu kuhamishwa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Mtwara

Ninakaa Chikongola, Mtwara mjini. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifungua, kusafisha na kufunga PS2 za watu, yaani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony. Mwanzoni zilikuwa za rafiki zangu, siku hizi ni za watoto wao. Maswali yanajirudia. Mengine yanakuja kwa simu, mengine barazani, mengine yanaletwa na mtu aliyebeba mashine kwenye mfuko wa rambo na waya zikining'inia. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Kama shida yako ni mashine kutosoma CD tu, ruka hadi swali la lenzi, mengine utayasoma baadaye.

San Andreas ninayo kwenye simu. PS2 ya nini tena?

Hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi huulizwa na vijana wa shule ambao hawana nia mbaya. Ulichonacho kwenye simu ni San Andreas kweli, ila si ile ile. Gemu hiyo ya mfululizo wa GTA ilitoka Oktoba 2004 kwa PS2 kabla ya mashine nyingine yoyote, na walioitengeneza walipima kila kitu kwa mashine yenye memori ya MB 32, na MB 4 nyingine kwa ajili ya picha. Kwa udogo huo haikuwezekana kuchora nchi nzima kwa wakati mmoja. Wakaweka ukungu. Ukitoka Los Santos, mji wa kwenye gemu, alasiri hewa inageuka rangi ya chungwa, majengo ya mbali yanayeyuka, na Mlima Chiliad huuoni mpaka umeusogelea. Ule ukungu ulificha upungufu wa mashine, lakini pia ndio ulioifanya safari ionekane ndefu. Ulikuwa unaendesha pikipiki usiku hujui mbele kuna nini.

Sasa angalia kilichotokea Novemba 2021, gemu tatu za GTA za zamani zilipotolewa upya kwa pamoja. Mashine mpya zina nguvu, hivyo ukungu uliondolewa. Watu wakapanda mlimani, wakatazama chini, wakaona mji mzima kama ramani iliyotandikwa sakafuni. Nchi ile ile, haijapunguzwa hata mtaa mmoja, ikawa ndogo ghafla. Mvua nayo ilikuwa mistari myeupe minene kiasi cha kumziba dereva macho. Rockstar, wenye GTA, waliomba radhi mwezi huo huo, na Novemba 2024 marekebisho mengine yakaja na mwanga unaofanana na wa zamani.

Mimi nililinganisha kwa macho yangu. Niliweka simu ya mpwa wangu kando ya TV ya chogo, gemu ile ile, barabara ile ile ya kutoka mjini kwenda mashambani. Kwenye simu picha ilikuwa kali, kila kona imechongeka. Kwenye chogo rangi zilikuwa zimeingiliana kidogo, taa za magari zina ukungu pembeni, na jua la jioni lilijaa skrini yote. Mpwa wangu, ambaye hajawahi kumiliki PS2, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Anko, hii ya kwako kuna joto." Sijapata neno zuri zaidi ya hilo.

Pia kuna redio. Haki za nyimbo hununuliwa kwa muda, na muda ukiisha wimbo unaondolewa. Mwaka 2014 baadhi ya nyimbo za San Andreas ziliondolewa kwenye matoleo yaliyokuwa yanauzwa mtandaoni. CD ya 2004 haiwezi kuondolewa kitu na mtu yeyote. Kilichochapwa kimechapwa.

Ukisema gemu "imehamishwa" una maana gani hasa?

Watu wanachanganya mambo manne. La kwanza ni kuhamisha kwenyewe: gemu ile ile inafanyiwa marekebisho ili ifanye kazi kwenye mashine nyingine. La pili ni kung'arisha, yaani gemu inabaki ile ile lakini picha zinaongezewa ukali. La tatu ni kuitengeneza upya kuanzia chini, kama walivyoifanya Silent Hill 2 mwaka 2024. La nne ni emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta au simu ijifanye kuwa PS2. Hapo gemu haikuguswa, iliyoigwa ni mashine.

Hata PS2 yenyewe ilipokea wageni. Resident Evil 4 ilianza kwa GameCube, mashine ya Nintendo, Januari 2005, na PS2 wakaipata Oktoba mwaka huo. Wengi wetu tuliipenda hapo bila kujua kwamba nasi tulikuwa tunacheza gemu iliyohamishwa. Kwa hiyo sina ugomvi na kuhamisha.

Kuna gemu iliyohamishwa ikawa bora kuliko ya PS2?

Zipo. Shadow of the Colossus ya 2005 ilikuwa kubwa kuliko mashine yake. Jitu unalopigana nalo likiinuka, picha zinaanza kukatika, unaona kabisa mashine inahema. Walipoipeleka PS3 mwaka 2011 ikawa laini, na ile iliyotengenezwa upya kwa PS4 mwaka 2018 ni nzuri kwa kweli. Nikiulizwa na mtu anayeianza leo, ninamwambia aanze na hiyo ya 2018.

Mfano wa upande wa pili ni Silent Hill 2 na 3 zilizong'arishwa mwaka 2012. Kazi ile ilifanywa kwa kutumia msimbo, yaani maandishi ya programu ya gemu, ambao haukuwa kamili, kwa sababu ule wa mwisho haukuhifadhiwa. Ukungu ambao ndio moyo wa gemu ile ukatoka vibaya, sehemu nyingine unaona ukingo wa ziwa ambao hukupaswa kuuona. Fikiria hilo vizuri. Watu waliokuwa na haki zote za gemu hawakuwa na msimbo kamili, lakini mtu yeyote mwenye CD ya 2001 na PS2 nzima anaiona kama ilivyokusudiwa.

Pedi mpya ni nzuri zaidi. Kwa nini unang'ang'ania ya zamani?

Kwa sababu vitufe vya pedi ya PS2 vinajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Wengi wamecheza miaka kumi bila kujua jambo hili. Ukiondoa Start, Select, kile cha Analog na vile viwili vilivyo chini ya vijiti, kila kitufe kinapima mkandamizo. Kwenye Gran Turismo 4 ukikandamiza X kidogo gari linakwenda taratibu, ukikandamiza sana linaondoka. Kwenye Metal Gear Solid 2 unalenga kwa kushikilia kile cha mraba. Ukikiachia ghafla risasi inatoka, ukikiachia polepole kidole kikipanda kwa utulivu, bunduki inashushwa na adui anabaki hai. Yaani huruma ilikuwa kwenye ncha ya kidole gumba.

Pedi ya PS4 haina kipimo hicho kwenye vitufe vyake vinne vya kulia, hivyo gemu hizo zikihamishwa, kitendo kile inabidi kitafutiwe njia nyingine. Kinafanyika, lakini hakisikiki mkononi vile vile.

Tahadhari: pedi nyingi za bandia zilizo madukani zinafanana kwa sura tu, ndani hazina kipimo hicho. Jaribu kwa gemu ya magari kabla ya kulipa. Kama gari ni kusimama au kwenda mbio, hakuna katikati, hiyo siyo. Ya zamani iliyochakaa mara nyingi inafaa kufufuliwa kuliko kununua mpya ya aina hiyo: fungua skrubu za nyuma, futa ile karatasi laini ya nyaya kwa spiriti, badilisha raba za vitufe kwa kuzitoa kwenye pedi nyingine mbovu.

Gemu zipi haziwezi kupatikana kwingine kabisa?

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo ninapowashangaa wanaoitupa mashine.

Gran Turismo 4 haijahamishwa kokote, na gemu ya magari ina leseni ya kila kampuni iliyomo ndani yake. WWE SmackDown! Here Comes the Pain ya 2003, ambayo ilitawala vibanda vyote vya gemu nilivyowahi kuingia, ilibaki PS2, na wanamieleka waliomo wana mikataba yao na sura zao. Def Jam: Fight for NY ya 2004 imejaa wanamuziki na nyimbo zao, ilitoka kwa mashine za kizazi kile, toleo la PSP, mashine ya mkononi, likafuata likiwa limebadilishwa, lakini hakuna aliyeitengeneza upya kwa mashine za sasa. Kuhamisha gemu za aina hii ni kurudi kwa kila mwenye jina, kila mwenye wimbo na kila mwenye nembo, na kuzungumza upya.

Halafu kuna mpira. Gemu ya mpira ya mwaka fulani haihamishwi, inafuatiwa na ya mwaka unaofuata, na ile ya nyuma inaachwa na wachezaji wake na jezi zake. PES 6 ya 2006, ambayo Adriano akipiga shuti unasikia vibaya kwa ajili ya kipa, ilikwenda na zama zake. PS2 ilipata PES hadi ile ya 2014, iliyotoka mwishoni mwa 2013. Hebu ipe mashine heshima yake: ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, uzalishaji ukasitishwa mwanzoni mwa 2013 zikiwa zimeuzwa zaidi ya milioni 155, na bado baada ya hapo ikatolewa gemu mpya.

Hiyo PES 2014 ina nafasi yake kwangu. Ndio mwaka Ndanda FC, timu yetu ya Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu. Sisi wa kibandani hatukuweza kusubiri Wajapani wanaotengeneza PES watuwekee Ndanda, kwa hiyo tulichukua timu moja ndogo ya Ulaya, tukaingia sehemu ya kuhariri, tukafuta jina. Tulikaa siku mbili. Mmoja anashika pedi, wengine wawili wanabishana mchezaji fulani ana kasi ngapi, kwa sababu walikuwa wametoka kumwona uwanjani Nangwanda Sijaona Jumamosi iliyopita. Kipa tulimpa kimo kikubwa kuliko ukweli. Mshambuliaji tulimwandika kwa jina la utani la jirani yetu muuza samaki wa Feri, aliyekuwa na mguu wa kushoto wa ajabu lakini hakuwahi kusajiliwa popote. Kwenye timu ile alisajiliwa. Alifunga magoli mengi sana.

Timu ile haipo kwenye duka lolote la mtandaoni. Ipo kwenye memori kadi moja nyeusi ya MB 8 ambayo ninayo hadi leo. Hata PES 2014 ikihamishwa kesho asubuhi, yule muuza samaki hatahamishwa nayo.

Emuleta inatosha? Naona watu wanacheza kwenye kompyuta.

Kwa mtu ambaye hana mashine, ni njia nzuri. PCSX2, emuleta ya kompyuta, imekuwapo zaidi ya miaka ishirini na imekomaa. Kompyuta ya kati inaweza kucheza gemu nyingi kwa picha kali kuliko PS2 yenyewe. Kwenye simu kulikuwa na AetherSX2, mtengenezaji wake akaacha kuiendeleza Januari 2023. Simu inatakiwa iwe na nguvu, na itapata moto.

Ninaithamini kazi ya watu wale. Siku lenzi zote duniani zitakapokufa, wao ndio watakaokuwa wameibeba maktaba hii. Ila emuleta inakupa gemu, haikupi kikao. PS2 ina matundu mawili ya pedi mbele na waya mfupi, kwa hiyo mnakaa mkeka mmoja, bega kwa bega. San Andreas ya PS2 hata ina sehemu ambapo mtu wa pili anachukua pedi na kuingia barabarani pamoja nawe. Toleo la 2021 halina.

Mimi niko kijijini, Tandahimba. Ninunue PS2 au nijikusanye ninunue mashine mpya?

Kaka, angalia vitu viwili: umeme na bando. Zile GTA tatu zilizotolewa upya zinataka nafasi ya GB 45 kwenye kompyuta. CD ya kawaida ya PS2, ambayo kwa kweli ni DVD, inabeba GB 4.7 na haikuulizi intaneti, akaunti wala nywila. Unaweka, unafunga, unacheza. Kwa mtu ambaye mtandao wake unapanda na kushuka, hilo si jambo dogo. Na kama umepata hela ya korosho na unataka mashine mpya, nunua kwa raha yako, lakini ile ya zamani usimpe mtu wa chuma chakavu.

Ni halali kucheza CD za kuchoma?

Nitasema wazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kunakili gemu ya mtu na kuiuza ni kosa. Pia ni kweli kwamba wengi wetu huku kusini tulikulia kwenye CD za kuchoma, kwa sababu halisi hazikuwa zinafika. Siwezi kujifanya sijui. Ninachoshauri sasa: ukiona CD halisi kwenye mnada wa vitu vya mtumba, inunue. Utaitambua kwa chapa safi usoni. Na zile gemu za mwanzo zilizokuwa kwenye CD badala ya DVD zina tumbo la rangi ya bluu, linang'aa vizuri sana ukilielekeza juani. Zaidi ya heshima kwa walioitengeneza, lenzi iliyozeeka inaisoma halisi kwa urahisi kuliko ya kuchoma.

Mashine inasema CD haisomeki. Lenzi imekufa?

Kabla hujaiita maiti, isafishe. Hapa Mtwara, ukikaa Shangani au Mikindani karibu na maji, hewa ina chumvi na unyevu, na utando mwembamba unatanda juu ya lenzi. Katika mashine ninazoletewa kwa kesi hii, nyingi zinapona kwa kufutwa tu.

PS2 nyembamba: chomoa umeme kabisa, fungua mfuniko, lenzi ile pale, kijicho kidogo cha bluu. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti safi ya asilimia 90 au zaidi, ikamue mpaka isichuruzike, kisha zungusha juu ya lenzi bila kuikandamiza, kana kwamba unamfuta mtoto jicho. Inakaa juu ya nyaya laini kama unywele, ndiyo maana. Subiri dakika kumi ikauke. Usitumie manukato, usitumie mafuta ya taa, usitumie kona ya fulana.

PS2 nene: geuza, toa vifuniko vya plastiki vya skrubu chini, fungua, nyanyua taratibu kwa sababu kuna utepe wa waya umeunganisha kitufe cha kuwashia. Hapo utakutana na vumbi la feni na, mara nyingi, wapangaji. Mende wanaipenda PS2 kwa sababu ina joto. Nilifungua moja ya Magomeni nikakuta mayai yamepangwa kwenye ukingo wa feni. Toa kwa brashi ya rangi, usipulize kwa mdomo kwa sababu unaongeza unyevu. Reli mbili za chuma ambazo lenzi inatembelea juu yake zifute grisi ya zamani iliyoganda, paka nyingine kiasi cha punje ya mchele.

Fundi akikwambia ataongeza nguvu ya mwanga kwa kuzungusha kile kiskrubu kidogo cha pembeni, mwambie asubiri. Ni kweli itasoma, lakini inakula maisha ya lenzi. Ninafanya hivyo pale tu njia nyingine zimekwisha na mwenye mashine amekubali.

Shikamoo fundi. Mwanangu anataka kuunganisha hiyo gemu kwenye TV ya sebuleni. Haitaiharibu?

Marahaba mama, na usiwe na hofu. Maneno ya kwamba gemu inaua TV yametuzungukia toka utotoni. Kilichokuwa kweli ni kwamba TV ya chogo ikiachwa saa nyingi na picha moja isiyotembea, kwa mfano ubao wa magoli wakati wa mapumziko, alama inaweza kubaki kwenye kioo. Mwambie akienda kula azime. TV nyembamba za kawaida za siku hizi haziharibiki kwa kuchomekewa PS2.

Chogo au flati, ipi bora?

Kwa PS2, chogo. Sisemi hivyo kwa sababu ya mazoea. Gemu zile nyingi zinatuma picha kwa mistari ya kupokezana, nusu sasa hivi na nusu nyingine mara inayofuata, na chogo iliundwa kuipokea hivyo. TV ya flati inabidi iunganishe nusu hizo, ikuze picha, ndipo ionyeshe. Kazi hiyo inachukua muda, na unaihisi kidoleni: umebonyeza pasi, pasi inachelewa. Wachezaji wa Tekken 5 wanaliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Bunduki za kulenga skrini, kama za Time Crisis, kwenye flati hazifanyi kazi kabisa.

Kama una flati tu, tafuta hali ya gemu kwenye mipangilio ya picha, na achana na waya wa njano ukiweza. Waya wenye vichwa vitatu vya picha, chekundu, kijani na bluu, unaonyesha tofauti kubwa. Na chogo kwa sasa watu wanazitoa bure. Ukipata ya inchi 21 yenye kioo kizima, chukua bodaboda ya matairi matatu uilete nyumbani.

Nimepewa PS2 iliyotoka nje. Nichomeke tu?

Usichomeke. Igeuze kwanza, soma kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Za Japani zinataka 100, za Marekani 120, na PS2 nene ya huko ukiichomeka hapa moja kwa moja utasikia mlio mmoja tu. Namba ya modeli inakusaidia: inaanza na SCPH na tarakimu ya mwisho inaonyesha ilikotengenezewa kuuzwa. Sifuri ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni bara la Ulaya. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazoelewana na umeme wetu. Hizo nyingine zinahitaji transfoma. Kwa zile nyembamba zenye adapta ya nje, soma kibandiko cha adapta yenyewe.

Ukiweka CD ya Marekani na picha ikatoka nyeusi na nyeupe, mashine haina ubaya. Ni TV yako haitambui rangi za mfumo ule.

Umeme unakatika sana. Nifanyeje?

Ukikatika, chomoa. Kinachoua ni ule wa kurudi. Stebilaiza ya friji inasaidia. Usiifunike mashine kwa kitenge ikiwa imewaka, usiiweke sakafuni, na ukimaliza msimu wa kucheza ihifadhi kwenye boksi kavu.

Nene au nyembamba, ninunue ipi?

Nene ina nafasi ya kuweka hadi diski kuu nyuma na ni rahisi kwa fundi. Nyembamba, iliyoanza 2004, inakula umeme kidogo na inaingia kwenye begi. Mimi ninatumia nene. Ile ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa nene, ilishuka kwenye basi la Dar baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003; kabla ya hapo masika yakianza barabara ya kusini ilikuwa inakatika na mizigo inasubiri meli. Tulimsindikiza mwenye nayo kutoka stendi hadi nyumbani kwake, watoto kumi na kitu, kana kwamba anapeleka mahari.

Nimekuta memori kadi ya kaka yangu ya zamani. Nitajuaje kama ina kitu, na nitaitunzaje?

Washa PS2 bila kuweka CD. Nenda kwenye sehemu ya kutazama yaliyomo, chagua kadi. Kila gemu iliyohifadhiwa itatokea kama kijisanamu kinachozunguka. Usifute chochote hata kama hukitambui, muulize kaka kwanza.

Kisha tafuta kadi ya pili, ile halisi ya MB 8; hizi za bandia zinazoandikwa MB 64 au 128 nimeziona zikipoteza kila kitu bila onyo. Weka zote mbili, chagua kitu, chagua kunakili, na usiguse waya mpaka imalize. Gemu chache zimezuiwa kunakiliwa, nyingi zinakubali. Fanya kazi hii asubuhi, umeme ukiwa umetulia. Mimi niliwahi kufanya saa mbili usiku, taa zikazima kadi ikiwa katikati ya kuandika, na msimu mzima wa ligi ukaenda.

Timu ya Ndanda sasa iko kwenye kadi mbili. Moja ipo kwenye mashine. Nyingine nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, nimeitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na usoni nimeandika kwa kalamu ya wino: "PES 2014. USIFUTE."